Hela, bia na skonzi: kwa nini Mjerumani lazima aulizwe ni wa wapi

Mtu wa Tanzania Bara hamalizi siku bila kutaja mji mmoja mdogo wa kusini mwa Ujerumani. Konda anadai hela, mama anamtuma mtoto dukani na hela, fundi hashiki nyundo mpaka aone hela ya kuanzia. Neno hilo liliingia mwaka 1904, serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilipoacha kuigawa rupia kwa pesa 64, hesabu iliyotoka India, ikaanza kuigawa kwa heller 100. Watu wakaidondosha ile r ya mwisho. Koloni lilipokwisha, neno lilibaki.

Lakini heller haikuwa fedha ya Ujerumani. Kwao Wajerumani walikuwa wakihesabu mark na pfennig. Heller lilikuwa jina la kale lililofufuliwa kwa ajili ya koloni, na maana yake ni "ya Hall": sarafu ndogo ya fedha, upande mmoja mkono, upande wa pili msalaba, iliyofuliwa tangu Zama za Kati katika mji wa Hall, uliotajirika kwa chemchemi yake ya chumvi. Leo unaitwa Schwäbisch Hall, yaani Hall ya Uswabi, ingawa lahaja ya mitaani kwake ni ya Kifrankonia, ya eneo jirani la Frankonia. Inasemekana wenyeji walijibandika Uswabi ili kuikwepa mahakama ya Würzburg, iliyokuwa upande wa Frankonia. Mji huo haukuwa na mfalme wala mtemi. Juu yake alikuwepo kaisari peke yake, naye alikuwa mbali. Uliishi hivyo, na sheria zake na baraza lake, hadi 1802 ulipomezwa na jirani yake Württemberg.

Mji wa wachota chumvi unaojitungia sheria na kujifulia sarafu: Ujerumani ilijaa vitu vya namna hiyo. Ndiyo maana mtu akiniuliza Wajerumani hula nini, huvaa nini na husherehekea nini, namrudishia swali: Wajerumani wa wapi? Tunayoyajua kwa picha, kaptura za ngozi, vikombe vya bia vya lita nzima na soseji nyeupe, ni mambo ya pembe moja ya nchi, Bavaria. Mtu wa Hamburg akiambiwa hiyo ndiyo mila yake, atakutazama kama Mpemba aliyeambiwa ngoma ya taifa lake ni sindimba.

Kaisari aliyeomba kura

Kwa karne nyingi nchi hizo zilikuwa ndani ya kilichoitwa Dola Takatifu la Roma. Kaisari wake hakurithi kiti moja kwa moja. Alichaguliwa na wakuu wachache wenye haki ya kura, na mgombea aliyetaka kura alizilipia kwa haki: huyu akapewa ruhusa ya kufua sarafu, yule ya kutoza ushuru mtoni. Kila uchaguzi uliacha kiti cha kaisari kikiwa chepesi kidogo kuliko awali. Maaskofu nao walikuwa watawala wa ardhi na watu. Maaskofu wakuu wa Köln, Mainz na Trier walikuwa miongoni mwa wapiga kura wenyewe.

Tena kulikuwa na mirathi. Katika koo nyingi mtoto wa kwanza hakuchukua nchi yote. Wana waligawana, na wajukuu wakagawana tena, kama shamba la mihogo linavyokatwa mpaka kila mtu anabaki na matuta matatu na ugomvi wa mpaka. Thüringen, katikati ya nchi, iliathirika kuliko kwingine kote. Huko kulikuwa na ukoo wa Reuss ambao wanaume wake wote waliitwa Heinrich, wote, kisha wakatofautishwa kwa namba. Tawi la wakubwa lilihesabu hadi 100 kabla ya kuanza upya. Tawi la wadogo lilianza upya kila karne. Sijui nchi nyingine ambako kitabu cha historia kinaweza kukupa Heinrich wa 72 bila kutabasamu.

Mwishoni mwa karne ya 18 nchi hizo zilikaribia 300, ukiacha vijieneo vya mashujaa wa farasi vilivyokuwa vingi zaidi. Mchumi Friedrich List alilalamika mwaka 1819, utitiri huo ulipokuwa umeshapunguzwa, kwamba mfanyabiashara anayetoka Berlin kwenda Uswisi hupita nchi kumi, husoma sheria kumi za forodha na kulipa ushuru mara kumi.

Aliyeupunguza utitiri huo alikuwa Napoleon. Kati ya 1803 na 1806 vinchi vya maaskofu na miji huru mingi iligawiwa wakubwa, na tarehe 6 Agosti 1806 kaisari wa mwisho akalivua taji. Mwaka 1815 likaundwa shirikisho legelege la nchi 39 hivi. Mwaka 1834 ukaanza umoja wa forodha ulioongozwa na Prussia, ufalme wenye nguvu wa kaskazini, na mimi ni katika wanaoamini kwamba karatasi hizo za ushuru ziliijenga Ujerumani kuliko mizinga. Mizinga ilikuja baadaye: Prussia ikaishinda Austria mwaka 1866, ikaimeza Hannover na nyinginezo, kisha ikaipiga Ufaransa. Tarehe 18 Januari 1871 dola jipya la Kijerumani likatangazwa, tena ugenini, katika jumba la Versailles. Lilikuwa na nchi wanachama 25, pamoja na Alsace-Lorraine iliyonyang'anywa Wafaransa. Bavaria ilikubali kuingia kwa masharti: ibaki na reli yake, posta yake, na kodi yake ya bia.

Hesabu miaka. Kutoka 1871 hadi Februari 1885, Carl Peters alipopata hati ya ulinzi kwa yale mapatano yake ya Usagara, ni miaka 14 tu. Peters mwenyewe alizaliwa 1856 akiwa raia wa mfalme wa Hannover, nchi iliyofutwa akiwa na miaka kumi. Sisi huwafikiria wale waliokuja kututawala kama taifa kongwe lililojikamilisha. Bendera waliyoisimika Bagamoyo ilikuwa changa kuliko wengi wa askari waliokuwa chini yake.

Utitiri ule haukuwa hasara tupu. Kila mtawala mdogo alitaka kuonekana mkubwa, kwa hiyo alijenga jumba la michezo, akaajiri wapiga ala, akaita mshairi. Weimar kilikuwa kimji tu wakati Goethe alipoitwa huko mwaka 1775 na kijana aliyekuwa ametawazwa juzi. Leo Ujerumani ina okestra za kulipwa zaidi ya 100, nyingi zikiwa katika miji ambayo kwingine isingekuwa na hata ukumbi wa harusi. Ufaransa ina Paris. Ujerumani ina makao makuu ya zamani kwa makumi, na yote bado yana kiburi.

Dini ya mtawala, sikukuu ya raia

Mwaka 1517 Martin Luther alitoa hoja zake huko Wittenberg, Saksonia. Katika nchi yenye mfalme mmoja, mfalme angeamua: ama amchome, ama amfuate. Hapa kila mtawala aliamua kivyake. Mapatano ya Augsburg ya 1555 yakaifanya hali hiyo kuwa sheria: dini ya mtawala ndiyo dini ya nchi, na raia asiyeridhika afunge mzigo ahame. Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, viliteketeza vijiji kwa maelfu na havikuifuta mipaka hiyo.

Mipaka hiyo unaiona leo kwenye kalenda ya ukutani. Tarehe 31 Oktoba, siku ya Matengenezo ya Kanisa, ni mapumziko katika majimbo ya kaskazini na mashariki yaliyomfuata Luther. Kesho yake, Watakatifu Wote, mapumziko yanahamia majimbo yenye Wakatoliki wengi: Bavaria, Baden-Württemberg, Nordrhein-Westfalen, Rheinland-Pfalz na Saarland. Duka limefungwa huku, upande wa pili wa mpaka wa jimbo foleni ya magari inaelekea kununua nyama. Serikali kuu imejiwekea sikukuu moja tu kwa sheria yake, tarehe 3 Oktoba. Nyingine zote ni mali ya majimbo.

Bavaria imekwenda mbali zaidi. Tarehe 15 Agosti, Kupalizwa kwa Bikira Maria, ni sikukuu katika vijiji na miji yenye Wakatoliki wengi kuliko Waprotestanti tu, na wanaohesabiwa ni watu wa sensa. Maeneo zaidi ya 1,700 kati ya 2,056 hupumzika. Yaliyobaki huenda kazini. Sensa mpya ikitoka, kijiji kinaweza kupata sikukuu au kupokonywa. Na mji wa Augsburg, kwa kumbukumbu ya amani ya madhehebu, una siku yake wenyewe, 8 Agosti, isiyoadhimishwa kama mapumziko mahali pengine popote nchini.

Tanzania tuna kipande cha ramani hiyo. Walutheri wa Kilimanjaro walihubiriwa na wamisionari wa Leipzig, mji wa Saksonia. Wa Nyanda za Juu Kusini na wamisionari wa Berlin, makao ya Prussia. Wamoravian wa Rungwe walitokana na watu wa Herrnhut, kimji cha Saksonia karibu na mpaka wa Bohemia. Peramiho na Ndanda zilijengwa na wamonaki Wabenediktini wa St. Ottilien, Bavaria. Hawakuwa "Wajerumani" wakigawana kazi. Walikuwa Wasaksonia, Waprussia na Wabavaria, kila mmoja na kitabu chake cha nyimbo. Makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana mwaka 1963 na kuwa KKKT, kazi mojawapo ilikuwa kuviweka pamoja vitu ambavyo Ujerumani yenyewe ilichukua karne kuviweka pamoja.

Luther alifanya na jambo jingine lililovuka mipaka yote: alitafsiri Agano Jipya, likatoka 1522, na Biblia nzima 1534, kwa kutumia lugha ya ofisi za Saksonia aliyoichanganya na maneno ya sokoni. Kijerumani sanifu kilikua juu ya msingi huo. Kaskazini walikuwa na lugha yao, ambayo kwayo tufaha ni Appel badala ya Apfel, na maji ni Water badala ya Wasser. Wakaipokea lugha ya kusini kwa kuisoma kitabuni, na matokeo yake ni kichekesho: watu wa Hannover, ambao mababu zao hawakuizungumza, ndio leo wanaosifiwa kwa kuitamka vizuri kuliko wote. Wazee wa Mombasa wanaokumbuka jinsi Kiunguja kilivyopewa usanifu mbele ya Kimvita wataelewa hisia za Mbavaria.

Sheria ya bia iliyokuwa ya wawili tu

Ukisoma chupa ya bia ya Kijerumani utakuta imeandikwa mwaka 1516. Hiyo ni sheria iliyotolewa Ingolstadt tarehe 23 Aprili mwaka huo na watawala wawili ndugu, Wilhelm na Ludwig, na ilihusu Bavaria peke yake. Ilisema bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na maji. Hamira haikutajwa. Sehemu kubwa ya maandishi, kwa kweli, ni bei: kipimo kiuzwe kiasi gani wakati wa baridi na kiasi gani wakati wa joto. Sababu ya kutaja shayiri ilikuwa na harufu ya mkate kuliko ya bia. Ngano na rai, ile nafaka nyeusi ndugu ya ngano, ziachwe kwa waokaji.

Kisha watawala haohao wakautoboa ukuta wao. Ukoo mmoja wa makabaila ulipewa kibali cha kupika bia ya ngano. Ukoo huo ulipokosa mrithi mwaka 1602, mtawala wa Bavaria akakichukua kibali mwenyewe, akaifanya bia ya ngano kuwa biashara ya ikulu, na hazina ikanenepa. Iliyokatazwa kwa raia ikawa halali kwa mwenye sheria. Hilo halihitaji mkalimani.

Kaskazini hawakujua habari hizo. Goslar walipika bia yenye chumvi na giligilani, Berlin walikuwa na yao chachu. Sheria ya kutumia kimea cha shayiri ilienea dola zima mwaka 1906, na lile jina linalotajwa leo kama amri ya Musa, Reinheitsgebot, yaani amri ya usafi, lilisikika katika bunge la Bavaria mwaka 1918. Mwaka 1987 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba haliwezi kutumika kuzuia bia za nje. Mila ya miaka 500, basi, kwa nchi nzima ina miaka mia na ushei. Wapishi wa bia wanaitaja ile tarehe ndefu, na siwalaumu. Ni tangazo zuri.

Ukitaka kuona mipaka ikiwa hai, panda treni kutoka Köln hadi Düsseldorf, kilomita 40 hivi. Köln wanakunywa Kölsch, bia ya rangi ya majani makavu, katika glasi nyembamba ya robo lita kasoro. Mhudumu, wanamwita Köbes, hakuulizi kama unataka nyingine. Anabadilisha tu na kuchora kistari kwenye kile kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi, mpaka ukifunike kikaratasi juu ya glasi. Düsseldorf wanakunywa Alt, ya rangi ya shaba. Kuagiza ya huku ukiwa kule ni kujitafutia mzaha wa jioni nzima.

Miji hiyo miwili haipatani hata katika kelele za karnivali. Köln hupiga ukelele wa "Alaaf", Düsseldorf na Mainz "Helau". Msimu hufunguliwa tarehe 11 mwezi wa 11, saa tano na dakika 11 asubuhi, na kilele chake ni siku zinazotangulia Jumatano ya Majivu. Alhamisi ya wanawake, mwanamume anayeingia ofisini na tai anajua atatoka na nusu yake, maana itakatwa kwa mkasi. Rhineland ya Kikatoliki ilikabidhiwa Prussia mwaka 1815, na mwaka 1823 watu wa Köln wakaipangia karnivali yao maandamano rasmi. Ndani yake wakaweka vikosi vya kuigiza vya makoti mekundu ambavyo hadi leo vinacheza kwa kusuguana makalio, bunduki zikiwa zimepambwa maua. Mwanajeshi wa Prussia aliyesimama pembeni alijua anachekwa yeye. Kaskazini, kwa Walutheri, Jumatatu ya karnivali ni Jumatatu.

Jikoni

Sehemu ya chakula ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu jikoni mpaka hauhitaji askari. Chukua skonzi, ule mkate mdogo wa asubuhi. Mahali pengi ni Brötchen. Bavaria ni Semmel, Berlin Schrippe, kusini magharibi Weck au Weckle, Hamburg Rundstück. Chukua donati isiyo na tundu, yenye jemu ndani. Mahali pengi wanaiita Berliner, lakini si Berlin kwenyewe, ambako inaitwa Pfannkuchen, neno ambalo kwingine ni chapati za maji. Bavaria ni Krapfen, Hesse ni Kreppel. Mgeni aliyejifunza Kijerumani darasani anaweza kushindwa kununua kifungua kinywa.

Mkate mkubwa unafuata udongo. Kaskazini kuna mchanga na baridi, ambako rai huvumilia na ngano husinyaa, kwa hiyo mkate ni mweusi, mzito, wenye uchachu. Ule wa Westfalen, Pumpernickel, lazima uokwe si chini ya saa 16, ndipo upate weusi na utamu wake bila sukari. Kusini, penye ardhi nene, mikate ni meupe zaidi. Taasisi ya mkate ya Ujerumani imeorodhesha aina zaidi ya 3,000, na Mjerumani anayeishi ugenini atavumilia mvua, foleni na umeme kukatika, lakini mkate laini wa kukatwa vipande humtoa machozi. Chakula cha jioni chenyewe kinaitwa Abendbrot, "mkate wa jioni": baridi, na jibini na vipande vya nyama. Anayetegemea ugali wa moto saa mbili usiku ajiandae.

Soseji nazo zina uraia. Za Nürnberg kisheria zina urefu wa sentimita 7 hadi 9, ukubwa wa kidole, na zikitengenezwa nje ya mji haziruhusiwi kubeba jina. Za Thüringen ni ndefu mara mbili na huchomwa kwenye mkaa kama mishikaki yetu. Soseji nyeupe ya München huliwa na haradali tamu kabla ya kengele ya saa sita mchana, desturi iliyobaki kutoka siku zisizo na friji: haikukaushwa kwa moshi, ilitengenezwa alfajiri, na mchana ilikuwa imeanza kutia shaka. Wajerumani hutania kwamba kuna "ikweta ya soseji nyeupe", na kaskazini ya hapo ni nchi ya kigeni. (Kwa msomaji Mwislamu: nyingi ya hizi ni nguruwe, na hata ile nyeupe, ambayo ni ya ndama, huchanganywa mafuta ya nguruwe. Uliza kabla.)

Mkesha wa Krismasi familia nyingi, kusini na kaskazini, hula kitu kimoja cha kushangaza kwa udogo wake: soseji na saladi ya viazi. Hapo umoja unaishia. Kaskazini viazi huchanganywa na mayonezi. Kusini hulowekwa kwa supu ya nyama ya moto, siki na mafuta. Nyumba zenye mke wa Stuttgart na mume wa Kiel hutengeneza mabakuli mawili. Na zawadi zinaletwa na nani? Kaskazini na mashariki ni Mzee wa Krismasi; kusini na magharibi ni Christkind, Mtoto Kristo. Luther ndiye anayesifiwa kumtangaza Mtoto Kristo ili kumwondoa Mtakatifu Nikolasi wa Wakatoliki. Leo Wakatoliki wamemshika huyo mtoto, na Walutheri wamemwacha kwa ajili ya mzee mwenye ndevu.

Viazi vyenyewe viliingia kwa amri. Friedrich wa Pili wa Prussia alitoa agizo tarehe 24 Machi 1756 kwamba maofisa wawafundishe wakulima kuvilima. Watalii wanaofika kaburini kwake Potsdam humwekea viazi juu ya jiwe badala ya maua. Mfalme huyohuyo alijaribu kuwakataza watu wa Ostfriesland, kule pembe ya kaskazini magharibi, kunywa chai. Alishindwa kabisa. Hadi leo mtu wa huko hunywa takriban lita 300 za chai kwa mwaka, na namna yake ingemfurahisha mtu wa baraza la kahawa Mji Mkongwe: bonge la sukari ya mawe kwanza, lipasuke chini ya chai ya moto kwa sauti, kisha tone la malai pembezoni mwa kikombe, lisikorogwe. Unapokea vikombe vitatu. Kuacha kabla ni utovu wa adabu. Ukitosheka, unakiweka kijiko ndani ya kikombe, la sivyo birika linarudi.

Wa kusini walivyokuwa sura ya wote

Ikiwa Ujerumani ni nyingi hivyo, kwa nini dunia inaiona Bavaria tu? Oktoberfest, ile sherehe kubwa ya bia ya München, ilianza tarehe 12 Oktoba 1810, siku mrithi wa ufalme Ludwig alipomuoa Therese, binti wa Kilutheri kutoka kinchi kimoja cha Thüringen. Kulikuwa na mashindano ya farasi siku chache baadaye, katika uwanja ambao bado una jina la bibi harusi. Cha kukumbuka ni kwamba Bavaria ilikuwa ufalme kwa miaka minne tu, kwa hisani ya Napoleon, na ilikuwa imetoka kuwameza Wafrankonia na wengine wasioitaka. Nürnberg hadi leo watakwambia wao si Wabavaria. Sherehe ilikuwa gundi. Mavazi ya milimani nayo, yale ya kaptura za ngozi, yalikuwa ya wafugaji na wawindaji wa Alpi, yakapendwa na wafalme, kisha katika karne ya 19 vikaundwa vyama vya kuyahifadhi, kama vile watu wa mjini wanavyoanza kuipenda kaniki wakishaacha kulima. Baada ya 1945 Bavaria iliangukia eneo la Wamarekani. Nadhani hapo ndipo mambo yalipokamilika: askari wa Marekani walirudi kwao na picha za milima, bia na sketi za Dirndl, na kwa Wamarekani, kisha kwa sinema, hiyo ikawa Ujerumani yote. Prussia, iliyoitawala kweli, ilifutwa kwa amri ya washindi mwaka 1947. Hakuna aliyetaka picha yake.

Mgawanyiko wa mwisho tuliuona kwetu. Baada ya 1949 zilikuwepo Ujerumani mbili, na Zanzibar ya 1964 iliitambua ile ya Mashariki, iliyokuja kuwajengea majumba ya Kikwajuni na kusaidia mpango wa Michenzani, wakati Bara ikipokea misaada ya ile ya Magharibi. Muungano wetu ulipozaliwa ukawakuta Wajerumani wawili sebuleni. Dar es Salaam iliporuhusu Mashariki kufungua ubalozi mdogo, Magharibi ikaondoa msaada wa kijeshi mwaka 1965, na Nyerere akawajibu waondoe na mwingine wote wa kiserikali.

Ukuta ulianguka tarehe 9 Novemba 1989. Ingekuwa sikukuu ya taifa ya kujiandikia yenyewe, kama si kwamba tarehe hiyohiyo mwaka 1918 jamhuri ilitangazwa, 1923 Hitler alijaribu kupindua serikali huko München, na 1938 masinagogi yalichomwa na Wayahudi kukamatwa kwa maelfu. Siku moja isingeweza kubeba vyote hivyo. Wakachagua 3 Oktoba, tarehe ambayo Mashariki ilijiunga rasmi na Magharibi mwaka 1990, siku ya makaratasi isiyo na kumbukumbu za mtaani. Mashariki wamebaki na yao: vijana wa miaka 14 bado hufanyiwa Jugendweihe, sherehe ya kuingia utu uzima isiyo ya kanisa, na taa za barabarani za Berlin zimemhifadhi yule mtu mdogo mwenye kofia aliyebuniwa mwaka 1961.

Mwaka huohuo wa 1961, tarehe 30 Oktoba, Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba wa kuajiri vibarua kutoka Uturuki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Waturuki wa Berlin walianza kuitia nyama yao ya kuzungushwa ndani ya mkate, ili mteja aile akitembea, wakaongeza kabichi na mchuzi. Leo döner inauzwa kila penye kituo cha treni, kaskazini na kusini, kwa Wakatoliki na Walutheri, na sioni chakula kingine kinachovuka mipaka yote niliyoitaja. Chama kimoja cha Uturuki kilipoomba Umoja wa Ulaya ipangiwe kanuni, nyama ya aina gani na unene gani, serikali ya Ujerumani ikawasilisha pingamizi mwaka 2024. Waziri wa chakula aliyeitetea döner alikuwa Cem Özdemir, mtoto wa vibarua wa Kituruki. Ukimuuliza ni wa wapi, hasemi Ujerumani wala Uturuki. Alizaliwa Urach, na hujiita Mswabi wa Anatolia.